Alama Kumi za Kiatu

Kuna upasuaji ambao daktari huutangaza kuwa umefanikiwa siku kiungo kinapokufa. Anapasua pale mifupa miwili inapokutana. Anakwangua gegedu, lile tabaka jeupe laini linaloufanya mfupa mmoja uteleze juu ya mwenzake, mpaka liishe lote. Mfupa unaobaki wazi anautoboatoboa ili utoe damu. Kisha anaibana mifupa hiyo miwili kwa skrubu au bamba la chuma, anashona, na kuanzia hapo kazi kubwa si yake tena. Mwili unakuta jeraha linalofanana kabisa na mfupa uliovunjika. Haujui kwamba hapo palikuwa na kiungo, kwa hiyo unafanya kile unachokifanya siku zote kwa mfupa uliovunjika: unaunga. Mambo yakienda sawa, baada ya wiki kadhaa picha ya eksirei inaonyesha mfupa mmoja mahali palipokuwa na miwili.

Madaktari wanauita athrodesisi. Sisi tungesema ni kuunga kiungo, na hapo Kiswahili kinatutania, maana neno kiungo lenyewe limezaliwa na kuunga. Kiungo ni kile kinachoshikanisha viwili na kuviacha viendelee kuwa viwili. Ukiunga kupita hapo, huna kiungo tena. (Anayetaka kulipeleka wazo hili Dodoma na Unguja, ruksa. Mimi nitabaki mguuni.)

Mguuni, upasuaji huu hutumika kunyoosha kidole gumba kilichopinda kuelekea wenzake, kile chenye nundu pembeni inayogombana na kila kiatu. Ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na katika darasa la maadili ya tiba tunajadili mambo mazito: mashine za kupumulia, figo za kutolewa, mgonjwa asiyeamka. Kidole cha mguu hakijawahi kutajwa. Nadhani tunakosa kitu. Kifo kinapokuwa chumbani, kila swali linageuka kuwa swali la kifo. Kwenye kidole hakuna anayekufa, na swali linabaki uchi: ni halali kuua sehemu ya mwili iliyo hai ili sehemu nyingine ipumzike? Na bei ya kilichouawa inapangwa na nani?

Kwanza nundu yenyewe, maana wengi wanaielewa vibaya. Watu wanadhani ni nyama au mfupa ulioota, kwamba ukiukata basi umemaliza. Kwa kweli sehemu kubwa ya nundu ni kichwa cha mfupa ambao ulikuwepo tangu mwanzo. Mfupa mrefu wa kwanza wa unyayo umehama upande wa ndani, kuelekea mguu mwingine. Kidole gumba kimeinama upande wa pili. Na pale walipoachana, kichwa cha mfupa kimechomoza chini ya ngozi. Ukikata kilichochomoza peke yake, mifupa inaendelea na safari yake. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi madaktari huukata mfupa na kuusogeza mahali pake. Lakini mguu ukiwa umepinda sana, au kiungo kikiwa kimeshalika, wapo wanaoamua kuunga.

Kuna sehemu mbili za kuunga, na kwa mtu wa maadili tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni pale pale kwenye shina la kidole, penye nundu. Kiungo hicho mara nyingi kimekwisha kuharibika, gegedu imelika, kila hatua inauma. Kukiua ni kama kumalizia jambo lililoanza lenyewe. Ya pili iko nyuma zaidi, katikati ya unyayo, pale mfupa mrefu unapoanzia. Upasuaji wa hapo unaitwa kwa jina la Paul Lapidus, daktari wa mifupa wa New York aliyeuandikia mwaka 1934, ingawa hakuwa wa kwanza kuufanya. Hoja yake ilikuwa kwamba mzizi wa tatizo upo huko nyuma: mfupa umelegea kwenye chanzo chake, na ukifunga chanzo, mbele patanyooka. Katika miaka hiyo baadhi ya wataalamu wa Marekani, Dudley Morton akiwa mmoja wao, waliuona ulegevu huo kama mabaki ya mguu wa zamani sana, mguu wa kushika matawi, ambao haujakubali bado kwamba sasa kazi yake ni kusimama.

Sasa tazama kilichotokea hapo. Mgonjwa anaumwa mbele. Kiungo kinachouawa kiko nyuma, na mara nyingi hakijawahi kumuuma hata siku moja. Kinahukumiwa kwa kosa linaloonekana kwa jirani.

Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima. Kikioza na kuutishia mwili, ni halali kukikata kwa ridhaa ya mwenyewe, ila kikiwa kizima katika hali yake ya asili hakiguswi kwa hasara ya mwili wote. Kant naye, mwaka 1797, aliona kukata kiungo kilichokufa ni sawa, lakini kutoa au kuuza jino ili lipandikizwe kwa mtu mwingine alikuita aina ya kujiua kidogo kidogo. Wote wawili walikuwa na picha rahisi: kiungo kizima upande huu, kibovu upande ule. Lapidus anaivuruga picha hiyo. Kiungo cha nyuma hakijaoza. Wala hatuwezi kusema ni kizima bila kubisha, kwa sababu ulegevu wake ndio unaodaiwa kuupindisha mguu, na wataalamu wenyewe mpaka leo wanabishana kuhusu ulegevu kiasi gani ni ugonjwa na kiasi gani ni maumbile tu. Daktari anayetetea upasuaji huu ana jibu zuri: kiungo hicho husogea kidogo sana kwa asili, kikifungwa mwenye mguu hatambui. Nalikubali. Ila angalia kwamba jibu hilo limehama. Halisemi tena kwamba kiungo kina kosa. Linasema kwamba hakina thamani kubwa. Na thamani, tofauti na gegedu, haionekani kwenye eksirei.

Kabla ya kufika kwenye thamani, lazima nipite kwenye lawama, kwa sababu ukitaja nundu ya mguu mbele ya watu watatu, wawili watasema ni viatu vyao vya kisigino, wamejitakia. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 1958 madaktari wawili wa Hong Kong, Sim-Fook na Hodgson, walichapisha ulinganisho wa miguu ya Wachina wanaovaa viatu na ya wasiovaa: kwa wavaaji, asilimia 33 walikuwa na kidole gumba kilichopinda, kwa wasiovaa, asilimia 1.9. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge walichapisha matokeo ya kuchunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa ndani na pembeni mwa mji huo karne nyingi zilizopita. Katika waliozikwa karne ya 11 hadi ya 13, asilimia 6 tu walikuwa na alama za nundu. Karne ya 14 na ya 15, mitindo ya viatu vyenye ncha ndefu ilipoingia, ikawa asilimia 27. Makaburi yaliyoongoza yalikuwa ya nyumba ya watawa, ambako matajiri nao walizikwa: asilimia 43. Ncha zile zilirefuka mpaka katika miaka ya 1460 Uingereza ikazitungia sheria, zisizidi inchi mbili. Nakiri huwa nachekeshwa na watawa. Waliapa ufukara, na vidole vyao vikatoa ushahidi tofauti.

Lakini asilimia 1.9 si sifuri, wala 33 si mia. Wapo wanaopinda bila kuwahi kuvaa kisigino, wapo watoto, na zipo familia ambazo mguu huo unarithiwa kama pua. Kiatu huchochea, aghalabu hukuta moto umeshawashwa. Na hata kama lawama ingekuwa ya kweli yote, sioni inatusaidia nini. Mwenye ini lililoharibiwa na pombe tunamtibu. Kinachonishangaza ni kwamba tukishamaliza kukilaumu kiatu, tunamrudishia kiatu huyo huyo kiti cha hakimu.

Nitaeleza. Mwaka 1994 chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji wa mguu kilitoa kipimo cha kupima matokeo ya matibabu ya kidole gumba, na tafiti nyingi sana za upasuaji huu zimekitumia. Jumla ni alama 100. Maumivu yana alama 40. Unyofu wa kidole una 15. Zinazobaki, 45, ni za matumizi, nazo zimegawanywa vipande vipande. Kidole kikipinda vizuri kwenye shina lake, unapata alama 10. Ukiweza kuvaa viatu vya kawaida vya mtindo bila kuwekewa kitu ndani, unapata alama 10.

Kumi kwa kumi. Aliyeandaa kipimo hakuwa mtu mbaya. Alihitaji namba, akaangalia maisha ya wagonjwa aliowajua, akapanga. Baadaye watafiti wamekikosoa sana. Lakini namba zile zilikuwa zimeshasema kitu: kwamba uwezo wa kidole kupinda na uwezo wa mguu kuingia kwenye kiatu cha dukani vina uzito mmoja. Na kuna jingine. Aliyeungwa kwenye shina la kidole hawezi kupata zaidi ya alama 90, hata mfupa ukiungana vizuri kuliko mifupa yote duniani, hata asiumwe tena mpaka anakufa. Kipimo kinajua kwamba kuna kitu kimeondoka. Kimekipa bei ya alama kumi, sawa na kiatu, na kikaendelea na safari.

Mama yangu mdogo anaishi Tanga. Alifundisha shule ya msingi miaka zaidi ya thelathini, akiwa amevaa viatu bapa, na akirudi nyumbani kandambili. Bibi, mama yake, alikuwa na mguu ule ule. Mwaka jana vidole vyake gumba, vyote viwili, vilifika mahali ambapo hata shuka likivigusa usiku anaamka. Akaja Dar es Salaam, nikamsindikiza hospitali. Daktari, kijana mpole mwenye subira, alimwonyesha picha: shina la kidole limelika, kusogeza mfupa hakutatosha, njia ya kuaminika ni kuunga. Alieleza vizuri. Mgongo wa hatua utabadilika kidogo, kifundo cha mguu kitasaidia, atatembea sokoni, atapanda ngazi. Viatu virefu ndivyo asahau.

"Viatu virefu sina," mama mdogo akasema. "Kusujudu je?"

Kwa msomaji asiyeswali, niseme kidogo. Anayesujudu huweka chini viungo saba: paji la uso, viganja viwili, magoti mawili, na vidole vya miguu yote miwili, navyo vidole hukunjwa vielekee kibla. Anapoinuka na kukaa kusoma tahiyatu, mguu wa kulia husimamishwa wima juu ya vidole hivyo hivyo vilivyokunjwa, wakati wa kushoto unalazwa. Kidole gumba hupinda hapo kuliko kinavyopinda kwenye kutembea kwa kawaida. Swala tano kwa siku zina rakaa kumi na saba, na kila rakaa ina sijida mbili. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa mwaka, kisha tafuta kwenye zile alama mia ni mstari gani umeihesabu.

Daktari hakupuuza. Alieleza jinsi pembe inavyochaguliwa, na hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vyangu havikunieleza. Mguu ukiwa umefunguliwa, daktari huubana unyayo kwenye kitu bapa, mara nyingi mfuniko wa boksi la vifaa, kana kwamba mgonjwa amesimama sakafuni. Kidole kinainuliwa kidogo, nyuzi kumi au kumi na tano hivi kutoka sakafuni, na hapo kinafungwa. Kikifungwa chini mno, kitagonga ardhi kila hatua. Kikifungwa juu mno, kitasugua kiatu. Baadhi ya madaktari huwauliza wanawake wanapenda kisigino cha urefu gani, wakaongeza nyuzi chache. Lakini hakuna nyuzi zinazofaa kutembea na kusujudu pia. Kinachofungwa kwenye mfuniko ule ni pembe moja, na pembe moja inatosha maisha ya aina moja.

Shehe tuliyemuuliza alijibu haraka, na alijibu sawasawa: dini haimbebeshi mtu asichokiweza, mgonjwa huswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa huswali kwa kulala. Kiti kipo. Katika fiqhi kuna kanuni kwamba pakiwa na madhara mawili, huchaguliwa lililo jepesi. Nilifurahi, nikadhani limekwisha. Njiani mama mdogo akasema, "Mwanangu, ruhusa ninayo tangu zamani. Ruhusa siyo sijida."

Nilimjibu kwa hoja niliyoiona ya nguvu. Nikamwambia kwamba sijida tayari ameshaipoteza. Kidole hakipindi zaidi ya robo ya kinavyopaswa, na hicho kidogo anakilipia kwa machozi. Daktari hamwondolei kitu ambacho bado anacho. Anamwondolea maumivu ya kitu kilichokwisha kwenda.

Alifikiri mpaka daladala ikafika kituoni. Kisha akasema mlango uliokwama si sawa na mlango uliojengewa ukuta. Uliokwama unausukuma kila asubuhi.

Falsafa ina majina marefu ya tofauti hiyo, ya kutoweza na ya kutowezekana, lakini sijaona imeelezwa vizuri zaidi. Hasara anayoishi nayo mtu inaweza kuwa ile ile kwa nyuzi, kwa namba, kwa kila kipimo cha kliniki, na bado ikawa nyingine kabisa siku inapotiwa muhuri. Mtu huyu anasukuma mlango mara nyingi kwa siku. Kusukuma kwenyewe kumekuwa sehemu ya ibada yake. Ukimpa kiti na kidole kisichouma, umemfanyia wema mkubwa, na umemchukulia kitu ambacho wewe uliyeandika fomu hukukiona, kwa hiyo hukukiombea idhini.

Nimejaribu kuusimamia upande wa pili, kwa sababu ni rahisi mno kwa kijana mwenye vidole vizima kuyapamba maumivu ya mtu wa miaka sitini na moja. Maumivu nayo hufunga milango. Alikuwa ameacha kwenda misibani, kwa kuwa huko kuna kusimama. Alikuwa halali. Daktari aliyezipa maumivu alama 40 kati ya 100 anajua kitu ambacho wanafalsafa huwa tunakisahau tukiwa tumeketi: kwamba mtu anayeumwa sana hana nafasi ya kufikiria maana ya chochote, sijida ikiwemo. Angenifuata mimi kwa ushauri, pengine ningemwambia aungwe yote miwili, apumzike.

Hakunifuata. Alirudi kwa daktari wiki iliyofuata akiwa na swali alilolipanga mwenyewe. Daktari alikuwa ameandika mguu wa kulia uanze, kwa sababu ndio mbaya zaidi kwenye picha na ndio unaouma zaidi. Mtu yeyote mwenye akili angeuanza huo. Mama mdogo akaomba ruhusa, akavua viatu, akakaa juu ya kitanda cha uchunguzi kikao cha tahiyatu, polepole, akishika ukuta. Akaonyesha: wa kulia umesimama, wa kushoto umelala. Kwenye kusujudu ataukosa wa kushoto, akasema, hapo atatumia ruhusa yake. Lakini kwenye kukaa, wa kushoto hauhitaji kupinda.

"Kwa hiyo anza na wa kushoto, mwanangu. Wa kulia niachie."

"Mama, wa kulia ndio unaokunyima usingizi."

"Najua unaponiuma."

Daktari alitazama ile miguu kwa muda. Alimweleza tena, bila haraka, kwamba wa kulia utaendelea kuharibika, kwamba atakuwa ametibu mguu ulio afadhali na kuuacha ulio mbaya, na kwamba anaweza kubadili mawazo hata asubuhi ya siku yenyewe. Mama mdogo alitikisa kichwa kukubali kila moja. Kisha daktari akavuta fomu, akaukata mstari mmoja juu ya neno KULIA, akaandika KUSHOTO, akageuza karatasi na kumwomba aweke sahihi yake pale pembeni, kwenye marekebisho.